Kidawa katika Nchi ya Ndiyo na Siyo

Wapo waliofika Nchambili wakarudi wakiisifu, wapo waliorudi wakiilaani, na ajabu ni kwamba idadi yao hulingana kila mwaka. Kidawa binti Makungu alirudi hasifu wala halaani, na ndiyo maana ilichukua muda hadi watu wakamsadiki.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mjane, mwenye goti bovu la kulia tangu alipoanguka kwenye ngazi za ofisi. Kazi yake ilikuwa maneno. Ofisi yao ya kamusi ilikuwa imekwama kwenye neno moja, *uncha*, lile wanalolitumia mafundi na walimu wa sayansi wanapozungumzia sumaku na betri. Rasimu ilisema: hali ya kuwa na ncha mbili zinazopingana. Mhariri mmoja alishikilia kwamba ncha zinapingana, mwingine akashikilia kwamba zinategemeana, na baada ya miezi mitatu wahariri hao walikuwa hawasalimiani tena. Ikasemekana kuna nchi ambako neno hilo liko midomoni mwa kila mtu, kuanzia wauza mboga hadi mahakimu. Kidawa akatumwa huko akasikilize linavyotumika, aandike, arudi.

Mlangoni mwa mji alipokewa na Bwana Shaweji, Karani wa Wakabala, mtu mpole aliyevaa koti lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Bibi, uncha wako?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za safari.

Kidawa alifungua daftari lake akaandika matumizi ya kwanza. "Samahani, bwana, sijaelewa unauliza nini."

"Nauliza uko upande gani. Ndiyo au Siyo?"

"Ndiyo au siyo kuhusu nini?"

Shaweji alimtazama kwa huruma. "Hilo huja baadaye, Bibi. Kwanza upande, halafu jambo."

Kwa kuwa Kidawa alikuwa ameitikia kwa kichwa mara mbili alipokuwa akimsikiliza, aliandikwa Ndiyo. Akabandikwa kifuani kipande cha sumaku kirefu kama kidole, nusu yake wazi, nusu nyingine imefunikwa kwa lakiri nyeusi. Aliuliza lakiri ni ya nini. Aliambiwa ni ya adabu.

Kisha Shaweji akamweleza sheria. Kila mtu Nchambili ana mkabala wake, mtu mmoja wa upande wa pili ambaye ameandikwa naye ukurasa mmoja. Ukipewa, mkabala wako hunyimwa. Ukisema jambo, yeye hulikana. Ukipona, kuna kitu lazima kimwendee yeye. "Hivyo ndivyo nchi inavyosimama bila kupinduka," alisema. "Wewe tumekupatia mtu mzuri sana, anaitwa Siwatu. Mkabala wake alifariki wakati wa masika ya mwaka jana, na mtu asiye na mkabala hawezi kubaki kitabuni zaidi ya mwaka. Mwaka wake ulikuwa unatimia Ijumaa hii. Kwa hiyo umekuja kumwokoa."

"Angekosa mtu ingekuwaje?"

Shaweji aliifunika kalamu yake. "Angekwenda Katikati," alisema, na kwa mara ya kwanza hakumtazama usoni.

Katikati ilikuwa rahisi kuiona. Soko la Ndiyo lilikuwa mashariki na soko la Siyo magharibi, na baina yao ulipita ukanda wa ardhi tupu, upana wake hatua thelathini, uliokata karibu mji mzima na kutokomea nje kuelekea mpakani. Hapakuwa na mtu juu yake. Watu walifika ukingoni, wakageuka. Hata mbuzi waligeuka. Kidawa alisimama pale kwa muda siku ya kwanza, akishangaa mambo mawili. Mchanga wa ukanda ule ulikuwa umefagiliwa, na upepo uliotoka upande huo ulikuwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Siku ya pili alikwenda kusikiliza Baraza, kwa kuwa mtu wa kamusi hupenda mahali panaposemwa sana. Wandiyo walikaa kulia, Wasiyo kushoto. Hoja iliyokuwa mezani ilimhusu mjumbe mmoja wa safu ya tatu, Mzee Ngwali, aliyekuwa amekaa kimya, mikono imewekwa magotini, kilemba kimeteremka hadi kwenye nyusi.

"Mheshimiwa Ngwali amefariki," alisema kiongozi wa Ndiyo. "Tumelisema hili kwa siku thelathini na sita."

"Mheshimiwa Ngwali yu hai," alijibu kiongozi wa Siyo. "Nanyi mmeshindwa kwa siku thelathini na sita kuleta kauli yake ya kuthibitisha kwamba amekufa."

Kidawa alimtazama mzee yule. Pembeni yake palikuwa na vyetezo vitatu vya udi, na wajumbe waliokaa karibu naye walipumua kwa mdomo. Ngozi ya mikono ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Mtumishi wa Baraza alikuwa akipita kila baada ya muda na kumpepea nzi, upande wa kulia tu, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa wa Wasiyo, nao walishasema hakuna nzi.

Kidawa alimnong'oneza mwanamke aliyekaa karibu naye. "Ana watoto?"

"Binti mmoja. Nusu ya wiki huvaa nyeupe za msiba, nusu nyingine humletea baba yake uji."

Kura zilipopigwa zililingana, kama kawaida. Kura ya Mzee Ngwali ilihesabiwa kuwa ya kutopinga. Kidawa aliandika kwenye daftari: *uncha wa Baraza*, maana yake hoja haijaisha. Alipotoka nje na kushuka ngazi, jambo jingine lilimshtua zaidi. Alikuwa ameshuka ngazi kumi na nne bila kushika ukuta. Goti halikumuuma hata kidogo.

Alikuwa amepangiwa Nyumba ya Wageni, ambayo ilijengwa nyuma ya masoko, mahali ambapo ukanda ule ulikoma na pande mbili zikagusana. Ilikuwa nyumba moja yenye ukuta mmoja katikati. Mlango wa Kidawa ulifungukia Ndiyo. Mlango wa pili, ambao hakuwahi kuuona, ulifungukia Siyo. Msimamizi wake alikuwa Mwajabu, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, aliyemletea chakula mara tatu kwa siku. Kila mara alibeba sinia lenye sahani mbili zilizofunikwa kwa makawa. Moja aliiweka mezani kwa Kidawa, nyingine akaipeleka ng'ambo.

"Hiyo ya pili ya nani?"

"Ya mkabala wako, dada. Nyote wawili mnahudumiwa sawasawa."

Chakula kilikuwa kizuri. Kidawa alikula wali wa nazi na kunguru wa pwani aliyechomwa, yaani samaki wanayemwita hivyo kule, na akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mumewe afariki. Uso ulimjaa. Siku ya tatu alijiona kwenye kioo akadhani ni dada yake mdogo.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali na mji umenyamaza, alisikia mtu akitembea nyuma ya ukuta. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta, kisha kituo kifupi kama cha pumzi, kisha tena. Kidawa aliweka kalamu chini. Mwendo ule aliujua. Ndivyo alivyotembea yeye kwa miaka sita, hata kile kituo kifupi cha kuhamisha uzito kabla ya kugeuka. Aliinama akalishika goti lake. Lilikuwa baridi na laini kama la msichana.

Kesho yake Mwajabu alipoleta sinia, Kidawa hakungoja. Alinyoosha mkono akafunua kawa la pili.

Sahani ilikuwa tupu. Ilikuwa safi, imefutwa, na kijiko kimelazwa juu yake kwa adabu.

"Usinitazame hivyo, dada," alisema Mwajabu. "Si tupu siku zote. Kadiri unavyobakisha wewe ndivyo anavyopata yeye. Juzi uliacha robo ya wali, na hiyo robo nilimpelekea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe hivi, ingebidi yeye aambiwe kinyume chake. Mahali fulani ningekuwa nimesema uongo. Mimi ni mtu wa dini." Alilichukua sinia, akasita mlangoni. "Nawe ulikuwa unakula vizuri. Wageni wengine huniudhi kwa kuchagua."

Kidawa alikwenda ukutani akapiga kwa kiganja.

"Siwatu! Naitwa Kidawa."

"Huitwi Kidawa," ilijibu sauti ya mwanamke, haraka na kwa uchovu, kama mtu anayesoma orodha.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Hujaja kuniomba radhi."

"Sikujua lolote."

"Ulijua yote."

Kidawa aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. Ndipo alipoelewa kwamba mwanamke yule hakuwa akibishana naye. Ilikuwa sheria. Kila kauli ya mtu lazima ikanushwe na mkabala wake papo hapo, na asiyekanusha huhesabiwa amekubali, na kukubali Nchambili ni kosa. Kisha sauti ikarudi, imeshushwa, imesogea karibu sana na ukuta.

"Kwa nini usiulize?"

"Niulize nini?"

"Swali lina kinyume?"

Kidawa alifumba macho. Alikuwa amefanya kazi ya maneno miaka ishirini na saba, na hakuwahi kulifikiria hilo. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, na wakaanza kuzungumza kwa namna pekee waliyoachiwa.

"Ni wewe unayechechemea?"

"Na goti ni la nani?"

"Linakuuma sana?"

"Wewe uliwezaje kulala nalo miaka yote hiyo?"

"Umekula nini leo?"

Siwatu aliuliza: "Wewe umebakisha nini leo?"

Kidawa alitazama meza. Alikuwa na njaa asubuhi ile, kabla ya kufunua kawa la pili, na staftahi aliimaliza yote. Palikuwa na miiba ya samaki ukingoni mwa sahani, imepangwa vizuri.

Walizungumza hivyo siku mbili, saa za mchana Mwajabu alipokuwa amejilaza. Kwa maswali tu Kidawa alijua kwamba Siwatu ana miaka thelathini na minne, kwamba baba yake alikuwa fundi wa dira, na kwamba mkabala wake wa kwanza alikuwa mwanamume aliyefanikiwa sana. Jambo moja Siwatu alilirudia.

"Umewahi kuvunja sumaku?"

"Kwa nini niivunje?"

"Huna moja hapo kifuani? Unadhani baba yangu alinichapa kwa nini nilipovunja yake? Kwa hasara, au kwa kile nilichokiona?"

Kidawa alivua sumaku yake. Kwanza aliikwangua lakiri kwa kisu cha matunda, na chini yake hapakuwa na chochote ila chuma kilekile. Kisha aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha akaigonga kwa mchi wa jikoni. Ilikatika katikati. Alitarajia kupata kipande cha Ndiyo na kipande cha Siyo. Alivisogeza vikashikana. Akakigeuza kimoja, vikasukumana. Akakivunja kipande kimoja tena, vikawa vitatu vifupi kama kucha, na kila kimoja kilivuta kwa upande mmoja na kusukuma kwa upande wa pili. Alikaa navyo mkononi hadi Mwajabu alipoamka. Hapakuwa na namna ya kuipata ncha moja peke yake. Ungeweza kuvunja hadi upate vumbi, na kila chembe ya vumbi ingekuwa na zote mbili.

Jioni hiyo, sinia lilipokuja, aliisukuma sahani yake.

"Mpelekee mwenzangu."

Mwajabu alifurahi mwanzoni, kwani sheria ilikuwa wazi: asipokula huyu, hula yule. Akazibadilisha sahani akaenda. Haikupita dakika akarudi, uso umembadilika.

"Amekataa."

"Amekataa vipi?"

"Amesema ni zamu yako." Mwajabu alikaa kitini bila kukaribishwa. "Dada, hili halijawahi kutokea. Sahani iliyojaa lazima iwe na mtu, na tupu iwe na mtu. Nyinyi wawili mnaitaka tupu. Mimi niandike nini?"

Siku ya kwanza ya mfungo wao, chakula kilibaki barazani hadi kikachacha. Siku ya pili kuku waliletewa, nao wakakiacha, maana hakikuwa na mwenyewe. Siku ya tatu goti la Kidawa lilianza kumuuma tena, kidogo, na nyuma ya ukuta hatua za Siwatu zikawa nyepesi kidogo. Mchana huo Bwana Shaweji alikuja mwenyewe na kitabu kikubwa kwapani. Alifungua ukurasa wao, akautazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Bibi, kula," alisema. "Nakuomba. Huna haja ya kushiba. Kula kidogo tu zaidi yake, au yeye ale kidogo zaidi yako, nami nitaandika tofauti, yatakwisha."

"Hata tofauti ya punje?"

"Hata ya punje. Sisi si watu wakatili."

Kidawa alitamani kukubali. Midomo ilikuwa imemkauka, na alikuwa na tiketi ya kurudi nyumbani wiki ijayo. Punje moja si kitu. Lakini alijiuliza punje hiyo ingekuwa ya nani kati yao, na akaona kwamba hapo ndipo nchi nzima ilipoanzia. Akatikisa kichwa kukataa.

Waliitwa mbele ya Baraza asubuhi iliyofuata. Hapo ndipo walipoonana kwa mara ya kwanza. Siwatu alikuwa mfupi, mwembamba kuliko sauti yake, nywele zimekatwa karibu na kichwa. Aliingia kwa mlango wa kushoto akichechemea, Kidawa akaingia kwa mlango wa kulia akichechemea, na wajumbe wa pande zote mbili wakaacha kunong'ona. Mzee Ngwali alikuwa bado kitini. Walikuwa wamemfunga kitambaa kidevuni.

Vipande vya sumaku vililetwa mezani. Kiongozi wa Ndiyo alisema vimevunjika, na huo ni ushahidi kwamba pande mbili haziwezi kukaa pamoja. Kiongozi wa Siyo alisema havikuvunjika, na huo ni ushahidi kwamba pande mbili haziwezi kukaa pamoja. Hakuna aliyevigusa. Kidawa aliomba ruhusa avigeuze mbele yao waone. Aliambiwa kwamba kuona hakumo kwenye hoja ya leo.

Ndipo hakimu wa Baraza, ambaye alikaa nyuma ya pazia ili asijulikane anaelekea wapi, alimuuliza Kidawa swali la sheria.

"Wewe, unataka mkabala wako ale?"

"Ndiyo."

"Nawe," sauti ikamgeukia Siwatu, "unataka mkabala wako ale?"

Kila mtu ukumbini alijua jibu lake. Lilikuwa limepangwa na sheria tayari. Kidawa aliuona mkono wa Shaweji umeshaanza herufi ya kwanza. Siwatu alivuta pumzi.

"Ndiyo," alisema Siwatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Lingekuwa jambo la afadhali. Badala yake macho yalianza kuondoka. Kidawa aliyaona yakiondoka safu moja baada ya nyingine, Ndiyo kwa Siyo, kama watu wanaosahau kwa pamoja walichokuja kufanya. Mwanamke aliyewahi kumnong'oneza habari za binti wa Ngwali alimtazama begani, kisha ukutani nyuma ya bega. Shaweji alichukua wembe mdogo akaukata ukurasa wao kitabuni, taratibu, bila kuchana.

"Hamna hukumu ya kifo hapa, Bibi," alisema akiuelekea mlango mtupu. "Ila hatuna tena pa kuwaandika." Na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisemea peke yake.

Hakuna aliyewakamata. Walitoka wenyewe, wakapita katikati ya umati wa soko uliowagonga mabega na kusonga bila kuomba radhi, wakafika ukingoni mwa ule ukanda mtupu. Jua lilikuwa limesimama juu kabisa. Siwatu alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa na joto na mkavu.

"Unaogopa?" aliuliza.

"Ninaogopa," alijibu Kidawa, akangoja akanushwe.

"Hata mimi," alisema Siwatu, kisha akaweka kiganja mdomoni kana kwamba ametukana. Hakuwahi kusema maneno hayo maishani mwake.

Wakakanyaga.

Hatua ya kwanza, kelele za masoko yote mawili zilikatika. Hatua ya pili, Kidawa alihisi joto la watu, lile joto la chumba kilichojaa. Hatua ya tatu aliona unyayo, halafu pindo la kanga, halafu mkono ulioshika ufagio, na halafu, polepole, kama macho yanavyozoea kutoka juani, aliwaona wote. Walikuwa wamesimama kila mahali. Ukanda ule ulikuwa umejaa kuliko soko lolote alilowahi kuliona, wazee, wanawake na watoto mgongoni, mafundi na vyombo vyao, mpaka upeo wa macho, na wote walikuwa wamenyamaza wakiwatazama wao wawili. Mtu mmoja alikuwa akikaanga vitunguu.

Mama mmoja mrefu mwenye ungo aliwasogelea. "Hamjafa," alisema. "Huwa tunaanza na hilo. Wengi hudhani wamekufa, na wengine walikaa chini wakafa kweli kwa kudhani." Akamtazama Kidawa. "Wewe ulisimama pale siku ya kwanza ulipokuja. Nilikuuliza kama umepotea njia. Nilikuuliza mara tatu. Ukaninusa, ukaenda zako."

Kidawa alipewa uji akanywa, na Siwatu akapewa uji akanywa, wakati mmoja, bakuli sawa. Kidawa alilia, na hakuna aliyecheka kwa ajili hiyo.

Alikaa Katikati siku nane, hadi Siwatu alipopata nguvu. Aliona wanavyoishi. Walichukua masokoni kile ambacho pande mbili zilikuwa zikibishania, kwani kitu kinachobishaniwa hakuna anayekiangalia. Mazungumzo yao yalikuwa na mapengo: mtu angesema jambo, kisha angenyamaza kidogo, akingoja kukanwa, kisha angetabasamu kwa aibu na kuendelea. Goti liliwauma wote wawili sasa, nusu kwa nusu, na walizoea kutembea wameshikana mabega. Humo ndimo alimoandika maana ya neno alilotumwa: *uncha, nomino. Hali ya kitu kimoja kuwa na ncha mbili, ambazo haziwezi kutenganishwa hata kitu hicho kikivunjwa.* Alimsomea Siwatu, naye akasema ni sawa, ila neno *hata* alitilie mkazo.

Alimwomba waondoke pamoja. Siwatu aliwaza siku nzima.

"Jana walifika watatu," alisema mwishowe. "Mmoja alikuwa amekaa chini, amefumba macho. Nilimwambia hajafa, hakusikia. Nilimwambia hadi koo likakauka, akafumbua. Nani atamwambia wa kesho, dada yangu?"

"Wapo wengine."

"Wapo. Nami nimo."

Wakaagana hapo, asubuhi, mbele ya watu. Siwatu hakusimama kumtazama akienda. Alikuwa ameona mtu mpya ukingoni, akakimbilia huko kwa mwendo wake wa kuburuta.

Ukanda ule ulikwenda hadi mpakani, ukapita kati ya vibanda viwili vya walinzi vilivyotazamana, cha Ndiyo na cha Siyo. Walinzi nao walikuwa wakabala: mmoja akisimama, mwingine huketi. Siku hiyo wa Ndiyo alikuwa amesimama, mtu mzima mwenye masharubu yenye mvi. Kidawa alipita bila haraka, akijua macho yao yangempita. Ya yule mwenye masharubu hayakumpita. Yalitua usoni kwake, yakabaki hapo.

Kidawa akasimama.

"Huko ulikotoka," mlinzi aliuliza, midomo haikusogea sana, "nafasi ipo?"

"Ipo."

"Hata kwa mtu ambaye hakufutwa kitabuni? Anayekwenda mwenyewe?"

"Hilo sijui," alisema Kidawa kwa ukweli. "Sikumwona wa namna hiyo. Lakini uji unatosha."

Mlinzi aliwaza. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye msumari kwa uangalifu, akashuka kizingiti na kuelekea kwenye ule mchanga uliofagiliwa. Kwenye kibanda cha pili mkabala wake, ambaye kwa sheria alipaswa kubaki kwa kuwa mwenzake anaondoka, alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono miwili, akimtazama akienda, na mdomo wake ulikuwa ukijaribu neno.

Kidawa hakungoja kusikia ni neno gani. Aliendelea na njia yake, na alikuwa ameshavuka mpaka aliposikia nyuma yake kiti kikianguka.